Maji yalikuwa ndani ya mlango

Kijana wa karwashi alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa dereva, anasugua na brashi, alafu akaacha. Akapitisha kidole gumba mahali pamoja mara mbili, mara tatu, akaniita.

"Boss, kuja uone. Hapa gari yako imevimba."

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mtaa wa Free Area hapa Nakuru, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope kila mahali. Nikainama. Kalikuwa kauvimbe kadogo kama punje ya maharagwe, vidole viwili hivi kutoka ukingo wa chini wa mlango. Nikakabonyeza na ukucha, kakabonyea, nikaachilia, kakarudi.

Hii ndiyo bedilaina, rangi niliyoambiwa hata ukiigonga na nyundo haitoki.

Nilipofika nyumbani sikungoja hata chai. Nikatoa bisibisi kwa dashibodi, nikachokora pale pembeni kidogo tu, na ile ngozi ya rangi ikainuka kipande kizima, vile ganda la muhogo huinuka ukishalipasua na kisu. Chini yake kukatoka maji. Si mengi, labda kijiko, rangi yake kama strungi iliyolala. Na nyuma ya hayo maji chuma chenyewe kilikuwa kimekuwa karatasi, bisibisi ikaingia bila mimi kusukuma.

Nilikaa hapo chini kwa muda. Miezi saba. Chupa nane. Siku kumi za kupiga msasa. Na hasira yote nikaielekeza kwa mtu mmoja, fundi wangu, na nikakosea, na si kuhusu mlango peke yake.

Hii story imenikaa kichwani wiki nyingi ndo maana naiandika.

Mathenge

Kazi yangu ni pampu za sola za visima, kufunga na kurekebisha, na wateja wangu wengi wako Baringo. Natoka Nakuru asubuhi, napita Mogotio pale kwa alama ya ikweta, nateremka Marigat na joto linaanza kunipiga usoni, alafu Loruk, alafu huko mbele kuelekea Tangulbei ambako barabara ya kufika kwa kisima mara nyingi ni njia ya mbuzi. Na pande zote mbili ni mathenge. Mtu yeyote amewahi kuendesha gari Marigat anajua hiyo miti, waliileta miaka ya 1980 ishike udongo na ipee watu kuni, sasa imeshika kila kitu. Mwiba wake unatoboa tairi, sembuse rangi.

Gari yangu ni Hilux dabo keb ya 1997, injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na haraka na isiyokufa. Nilinunua kwa mkulima wa viazi wa Mau Narok. Hii gari imelipa karo ya watoto wangu wawili, kwa hivyo ninaposema naipenda sisemi kwa mzaha.

Nilikuwa nimeshaipiga rangi ya kawaida mara moja, nyeupe, ikametameta kama sahani. Safari mbili tu za Tangulbei na mistari ikarudi kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Urembo haunisumbui. Shida ni kwamba mkwaruzo ukifika kwa chuma, mvua ya Nakuru inamalizia, na kutu haipumziki hata Jumapili.

Basi mteja mmoja akanionyesha Land Cruiser iliyopigwa bedilaina mwili mzima. Si unajua ile rangi nzito ya chembechembe watu wanapiga ndani ya kibebeo cha pikapu ili mizigo isikwaruze? Hiyo hiyo, lakini nje, boneti, milango, madgadi, kila mahali. Nikaipapasa na kiganja. Ilikuwa kama ngozi ya mamba aliyelala. Akachukua ufunguo, akauburuta kwa mlango mbele yangu, na hakukubaki kitu.

Nililala nikiiwaza.

Wiki tatu za kusitasita

Ukweli ni kwamba sikuamua haraka, na hizo wiki tatu ndizo nilijifunza mambo mengi kuliko baadaye.

Kwanza kuna zile za Marekani kama Line-X na Rhino, zinapashwa moto kwa mashine na kusukumwa kwa presha kubwa, zinakauka karibu papo hapo. Hizo sahau, fundi wa jua kali hana hiyo mashine. Alafu kuna za chupa, poliyurethani ya kuchanganya mwenyewe, rangi sehemu tatu kwa hadna, ile dawa ya kuigandisha, sehemu moja, unatingisha, unafunga gani, yaani bunduki ya kupulizia rangi, juu ya chupa, unapiga na kompresa ya kawaida. Hii ndiyo yetu.

Pili ni jua. Sio zote zinavumilia jua. Kuna aina ya bei rahisi ambayo kemikali yake ni ya kukaa ndani au chini ya gari, ukiiweka nje inapauka na kutoa unga kama chokaa. Ya kukaa juani lazima iwe imeandikwa inahimili miale ya jua. Duka la kwanza niliuziwa maneno, la pili nikasoma mwenyewe kwa chupa. Na nikaacha kabisa wazo la nyeusi, nyeusi Marigat ni jiko, nikachagua kijivu cha mawe.

Tatu, hairudi nyuma, na hii ndiyo ilinishika zaidi. Fundi aliniambia hivi, na ni mtu wa maneno machache, mzee kidogo, amekunja chuma tangu mimi nikiwa shule ya msingi: "Rangi ya kawaida ukijuta, nakutolea na msasa jioni moja. Hii ukijuta, tutakutana hapa na moto na patasi."

Nikamwuliza, wewe ungepiga?

Akaangalia gari, akazunguka, akagonga madgadi ya nyuma na kifundo cha kidole, kwanza juu, alafu chini, na mlio wa chini ulikuwa mwingine. "Ningepiga. Lakini kwanza tutoe hii." Pale chini ya rangi nyeupe nzuri kulikuwa na fila, ile ya kuziba mashimo, na chini ya fila kutu.

Kwa hiyo hamna kitu mtu anaweza kusema ati fundi alikuwa mzembe. Alikata hizo madgadi zote mbili, akaweldi chuma kipya, akapiga praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya chini. Mimi ndiye nilikuwa naangalia saa.

Msasa

Kulikuwa na kijana hapo gareji, miaka kumi na tisa, anajifunza kazi. Yeye ndiye alipiga msasa gari nzima.

Watu wengi wanafikiri hii rangi ikiwa nzito hivyo inaficha kila kitu kwa hivyo matayarisho si lazima. Ni kinyume. Haing'ang'anii mahali palipo laini, inang'ang'ania mikwaruzo, kwa hivyo kila sehemu inayong'aa lazima ikwaruzwe mpaka ife mwangaza. Kijana alitumia msasa namba 120 kwa mkono, kwa sababu grainda haifiki kwenye kona za milango na chini ya vishikio. Nilikuwa napita jioni nikitoka kazi namkuta anasugua mahali pamoja, anapuliza vumbi, anapangusa na kitambaa cha thina, anaangalia kwa pembeni akitafuta mng'ao uliobaki. Akiuona, hata uwe mdogo kama sarafu, anarudi.

Siku moja nikamwambia, bro, hapo hata hapaonekani. Akasema, "Lakini maji yataona, mkubwa."

Nilitabasamu. Baadaye hayo maneno yalinirudia vibaya.

Saa nane mvua

Ilikuwa Aprili. Mtu wa Nakuru anajua Aprili, asubuhi jua, saa nane mchana mlima Menengai unafunikwa na wingu na dakika ishirini baadaye watu wanakimbia na mabati. Na hii rangi haipendi maji hata kidogo. Ile hadna ikikutana na maji inatoa gesi, na gesi inakuwa malengelenge ndani ya rangi ikikauka. Hata maji yaliyo ndani ya kompresa yanatosha kuharibu, ndo maana fundi alifungua koki ya chini ya tanki kabla hajaanza, ikatema maji ya kahawia, akaacha mpaka ikatoka hewa tupu.

Tulianza saa mbili asubuhi. Wakamwaga maji sakafuni kushika vumbi, kwa sababu vumbi la huku halina adabu, hata jina Nakuru wengi husema limetoka Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Chupa ya kwanza, hadna mpaka kwa mstari, tingisha dakika mbili, funga gani. Ukishachanganya una kama saa moja, ikipita hapo chupa inakuwa jiwe na pesa yako iko ndani.

Nilipenda sana kuangalia. Fundi alisimama karibu nusu mita kutoka kwa boneti na mkono wake ukaenda na kurudi bila kusimama, na mlio wake ni kama mvua ya mawe ya mbali. Akisogea nyuma au presha ikipanda, chembe zinakuwa ndogo na laini. Akisogea mbele na presha ikishuka, zinakuwa kubwa kama uji wa mtama. Koti ya kwanza nyepesi, rangi ya chini bado inaonekana, unangoja saa nzima, alafu ya pili ndo inafunika.

Saa sita bega la fundi likachoka, na wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya Menengai. Akampa kijana gani. Kijana alivua shati la juu, akajifunga tisheti puani na mdomoni, akainama kupiga sehemu za chini na ndani ya fremu za milango. Ukungu wa kijivu ulikuwa umejaa ile banda, ukiingia unauona umesimama kwenye mwangaza wa mlango.

Niliona hiyo tisheti.

Naandika hivi wazi kwa sababu nimejaribu kujiambia sikuona. Niliona, na nilichosema ni, "Harakisheni, mvua inakuja."

Chupa ya nane ilibaki nusu. Fundi alikuwa anataka kuimalizia kwa bampa. Nikamwambia hapana, pigeni chini ya milango, kule kwenye ukingo, mathenge inakwangua sana huko. Akasema huko chini paachwe kidogo. Hakueleza na mimi sikumwuliza. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Fundi, sitaki uache hata tundu la sindano."

Kijana akapiga. Alifanya kama nilivyomwambia.

Mvua ilinyesha saa nane na nusu, gari ikiwa ndani, imekauka ya kuguswa. Tulishangilia kama watu waliofunga goli.

Miezi mizuri

Sitaki mtu asome hii aseme bedilaina ni mbaya. Sio mbaya. Nilingoja wiki nzima ikomae, nikaenda NTSA, ile mamlaka ya usafiri, kubadilisha rangi kwa logbuku, yaani cheti cha gari, kutoka nyeupe hadi kijivu, hiyo usiruke kwa sababu polisi akiona rangi tofauti na logbuku una kesi ya bure, alafu nikaenda Tangulbei.

Sijawahi kuendesha kwa amani hivyo. Matawi yalikuwa yanalia kwenye milango, ule mlio uliokuwa ukinikaza meno, na nikishuka natafuta mstari hakuna. Mawe ya barabara yanaruka yanagonga madgadi yanaanguka. Kitu kimoja tu kilinisumbua, matope yanashika kwenye chembe, kitambaa hakitoshi, lazima brashi, na vijana wa karwashi walianza kunitoza zaidi. Niliona ni haki yao.

Juni, Julai, Agosti. Oktoba mvua fupi zikaanza. Sasa nikikumbuka, kulikuwa na mlio. Nikifunga mlango wa dereva kwa nguvu nilikuwa nasikia kitu kama mtungi unaotikiswa. Nilifikiri ni chupa ya maji chini ya kiti.

Waya ya hanga

Jumatatu baada ya ile karwashi nilifika gareji nikiwa nimekunja uso. Nilikuwa na kile kipande cha rangi kwenye bahasha kama ushahidi wa kortini. Nikasema maneno ambayo nisingependa mtoto wangu ayasikie nikimwambia mtu mwenye mvi. Kwamba alifunika kutu. Kwamba alinila pesa.

Fundi hakujibu. Alichukua kile kipande, akakigeuza, akaangalia upande wa ndani. Ulikuwa msafi, bado una alama za praima. Akanionyesha.

"Kutu hii haikutoka nje," akasema.

Akachukua hanga ya nguo, akainyoosha waya, akalala chali chini ya mlango wangu. Akapapasa ukingo wa chini na kidole, polepole, mpaka akapata kakitu kama kishimo kisichoonekana, kimefunikwa na rangi ya kijivu. Akachoma na waya, akazungusha.

Maji yakamwagika usoni mwake.

Hayakuwa matone, yalimwagika kama bomba. Akajivuta pembeni, akajipangusa, akaenda kwa mlango wa pili, akachoma, maji. Wa tatu, maji. Wa nne yalitoka na mchanga na majani ya mathenge yameoza.

Mimi sikuwa najua. Nimeendesha magari miaka ishirini na sikuwa najua kwamba mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji. Mvua inateremka kwa kioo, mpira wa pale juu unazuia kiasi, mengine yote yanaingia ndani ya mlango, yanashuka kwa chuma, na chini kabisa kuna matundu mawili matatu ya kuyatoa. Ndivyo kila gari ilivyo. Nami niliyafunga yote. Nilinunua ngao ya nje, alafu milango minne nikaigeuza kuwa mitungi, na ile ngao ikakaa imara kabisa ikingoja chuma kimalizike nyuma yake.

Fundi alikuwa bado anadondoka maji kwa ndevu. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu."

Akasema, "Hata mimi ningefaa kukushika mkono siku hiyo. Lakini niliona mvua."

Kikohozi

Tukiwa hapo nikasikia mtu anakohoa nyuma ya banda. Kikohozi kikavu, kifupi, kinarudia. Nikauliza ni nani, nikaambiwa ni yule kijana.

Alikuwa amekonda. Nikamwuliza ana nini, akasema ni baridi tu ya Nakuru. Inakuja usiku, akilala, kifua kinabana na kupiga filimbi. Jumapili anakuwa sawa, hata akienda kwao Molo kwa baridi zaidi siku mbili tatu anakuwa sawa kabisa, akirudi kazini inarudi. Tangu ile gari yangu walikuwa wamepata wateja wengine watatu wa hii rangi. Watu waliona yangu wakaitaka.

Wateja watatu, kupitia kwangu. Nilikuwa nagawa namba ya fundi kama pipi.

Sikulala vizuri siku hiyo. Usiku nikatoka nje na tochi, nikachukua kile kikopo tupu cha hadna nilichokuwa nimewekea misumari, nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Kuna neno aisosayaneti. Kuna onyo kwamba inaweza kusababisha pumu na shida ya kupumua. Nilikuwa nimekaa na hicho kikopo miezi saba.

Nikaanza kusoma kwa simu mpaka saa tisa usiku. Hizi aisosayaneti ni miongoni mwa sababu kubwa zinazojulikana za pumu inayotokana na kazi, na wapiga rangi wa magari ndio wako mbele kwenye hatari. Mwili ukishaizoea vibaya, yaani ukishaanza kuikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kuziba kifua, na huenda isianze papo hapo, ianze masaa kadhaa baadaye, usiku. Huwezi kutegemea pua ikuonye, ukishaisikia harufu umeshavuta nyingi. Tisheti haizuii chochote. Barakoa ya vumbi haizuii ule mvuke. Inatakiwa ile ya kuletewa hewa safi kwa paipu, au kama hamna kabisa, ya chujio za kemikali zinazobadilishwa kwa wakati. Ulaya, tangu Agosti 2023, mtu haruhusiwi kuzitumia kazini bila kupewa mafunzo kwanza. Na hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Lakini hapo gareji mwajiri ni nani? Fundi mwenye banda la mabati? Au mimi niliyelipa na kusimama mlangoni nikisema harakisheni?

Hilo swali ndilo limenisumbua hizi wiki zote. Sijapata jibu linalonitosha.

Asubuhi nilirudi nikampeleka kijana hospitali. Hakutaka, alisema atapoteza siku. Nikamwambia siku hiyo nitailipa mimi. Daktari hakusema ni pumu na hakusema sio. Alimwuliza kazi yake, alimwuliza kuhusu Jumapili, alafu akampa kile kipimo cha kupuliza, kimrija cha plastiki chenye mshale, na daftari. Apulize asubuhi, mchana, jioni, usiku, aandike, siku za kazi na siku za mapumziko. Na asiguse gani wala asikae kwa ukungu wake mpaka warudi.

Kijana alinionyesha hilo daftari wiki mbili baadaye. Ameandika kwa mwandiko mzuri wa mtu wa shule, kila siku mistari minne. Ameacha nafasi pembeni ameandika alichofanya: "msasa", "kukunja bampa", "nyumbani". Kuna siku moja ameandika "walipiga rangi banda la jirani" na namba za jioni hiyo na usiku wake zimeshuka. Kesho yake zimeanza kupanda.

Hajaandika kitu kingine hapo. Namba tu.

Vijiti vya kiberiti

Mlango tulirekebisha mwanzo wa Januari, siku ya jua kali, nimekubaliana na fundi kwamba hakuna kukimbia. Rangi iliyozunguka ule uozo aliitoa na patasi baridi mpaka mbali kabla ya kuweldi, kwa sababu moto ukigusa hii rangi, hata iliyokauka miezi, moshi wake unarudisha ile sumu. Hilo hakulijua na mimi sikulijua, nilimsomea kutoka kwa simu. Alikaa kimya, akasema ameweldi juu ya rangi za kila aina miaka mingi.

Hatukutumia gani. Kiraka chenyewe kilikuwa kama ukubwa wa daftari, kwa hivyo tukatumia rola, haina ukungu, na chembe zake zilikaa karibu sawa na zile za kwanza, ukiangalia sana utaona tofauti na mimi naipenda hiyo tofauti. Fundi alivaa barakoa ya chujio niliyoinunua, miwani na glavu. Kijana alisimama nje ya geti upande upepo unakotoka.

Lakini kabla ya rola kugusa chochote, kijana alikuwa ameshafanya kazi yake. Alikuwa amelala chini ya gari na waya ya hanga na sanduku la kiberiti, amezibua kila tundu la kila mlango na la mlango wa kibebeo, alafu kila tundu ameliingiza kijiti ili rangi isiingie tena. Vilining'inia chini ya gari vimepangika, vichwa vyake vyekundu vinaonekana.

Wiki nzima ilipopita akaja kuvitoa. Alihesabu kwa sauti, anavuta kimoja anakiweka kwa kiganja. Vilikuwa kumi na moja. Akachukua jagi la maji, akalimwaga lote polepole kwenye mpira wa kioo cha dereva, na sisi watatu tukainama kuangalia chini ya mlango.

Yalichukua muda. Alafu tundu la kwanza likadondosha, na la pili.

Kijana akaenda kujaza jagi tena.